Mkaazi wa Kudumu Mpakani: Maelezo kwa Wachungaji na Wanafunzi wa Theolojia

Utangulizi

Kila siku kabla ya mapambazuko, kituo kikuu cha mabasi cha Dodoma, kilichopo hapa Nzuguni, huwa kimekwisha kuamka. Wapo wanaoelekea Dar es Salaam, wapo wanaoelekea Singida na Tabora, na wapo wanaokwenda Arusha kwa njia ya Kondoa na Babati, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Miongoni mwa hao wa Arusha, baadhi huendelea hadi Namanga na kuingia Kenya. Barabara wanayoifuata ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya zamani za ukoloni, itokayo Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, ikapita Iringa na Dodoma, na kwenda hadi mpaka wa Kenya. Kwa hiyo sisi tukaao katikati ya nchi, tunaojiona kuwa mbali na mipaka yote, kwa kweli tumo njiani baina ya mipaka miwili.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliyezaliwa na kubatizwa katika usharika niliokuwa nikiuhudumia alifiwa na baba yake. Mama huyo alikuwa ameolewa Kenya, akaishi huko zaidi ya miaka 20, na akapewa ukaazi wa kudumu. Usiku ule kaka yake alinijia akaniomba niandike barua ya kumtambulisha, ili dada yake asipate shida njiani. Niliandika kwa nia njema, nikapiga muhuri wa usharika, na nakala ikatumwa kwa simu. Sikumwuliza swali hata moja juu ya pasipoti ya dada yake. Kumbe pasipoti yake ya Tanzania ilikuwa imekwisha muda wake miaka minne nyuma, na yeye aliamini kwa moyo wote kwamba hati ya ukaazi wa kudumu, pamoja na barua ya mchungaji, vingemtosha. Mpakani alielezwa kwa upole kwamba hana hati halali ya kusafiria. Ilimbidi arudi Nairobi kuomba hati ya dharura katika ofisi ya ubalozi wa nchi yake. Alipofika Nzuguni, baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa siku mbili zilizopita. Nilimsindikiza kaburini. Baada ya sala aliniuliza: "Baba Mchungaji, hivi mimi sasa ni mtu wa wapi?"

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Kwanza tutalitazama kwa upande wa sheria na taratibu, kwa sababu mchungaji asiyezijua huweza kumpoteza kondoo wake huku akidhani anamwongoza. Kisha tutalitazama kwa upande wa Maandiko, ambamo habari za mgeni, mkaazi na raia hutajwa kwa usahihi kuliko tunavyodhani. Mwisho tutatoa mashauri machache ya utendaji usharikani.

1. Majina manne yasiyopaswa kuchanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "fulani ni mtu wa Kenya" au "fulani amekuwa mwenyeji wa huku", na maneno hayo yanatutosha. Sheria, hata hivyo, hugawanya watu kwa namna nyingine, na hapana budi tujue angalau majina manne.

Raia ni mtu ambaye nchi inamtambua kuwa wake. Haki kubwa ya raia ni kwamba nchi yake haiwezi kumkataa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 17, inampa raia haki ya kutoka na kuingia nchini, na ya kutolazimishwa kuhama au kufukuzwa.

Mkaazi wa kudumu ni mtu ambaye si raia, lakini amepewa na nchi fulani haki ya kuishi humo bila ukomo wa muda. Kwa mfano, sheria ya Kenya ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inaruhusu makundi kadhaa ya watu kuomba hadhi hiyo, wakiwamo wageni waliofanya kazi nchini humo kwa vibali kwa muda wa miaka 7 au zaidi, na wenzi wa raia wa Kenya ambao ndoa zao zimedumu angalau miaka 3.

Mwenye kibali cha ukaazi cha muda ni mtu aliyeruhusiwa kukaa kwa miaka michache, kwa shughuli iliyotajwa, na kibali chake huhuishwa au hukoma. Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 imejengwa juu ya vibali vya namna hii, vyenye madaraja A, B na C. Ndiyo maana wageni wengi tunaowaita wakaazi wa kudumu hapa kwetu, kwa sababu tumewazoea miaka mingi, kisheria ni watu wa vibali vya muda vinavyohuishwa tena na tena.

Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia nchi yake kwa kuhofia maisha yake, na analindwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 pamoja na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Yeye hawezi kutumia pasipoti ya nchi aliyoikimbia. Kwa sababu hiyo Mkataba wa 1951, katika kifungu cha 28, unazungumzia hati maalumu ya kusafiria ambayo nchi iliyompokea humpatia.

Tofauti iliyo muhimu kwa somo letu ni kati ya majina mawili ya kwanza. Uraia ni uhusiano wa mtu na nchi yake, nao humfuata kila aendako. Ukaazi wa kudumu ni ahadi ya nchi moja kwa mtu mmoja kwamba anaweza kuishi ndani ya nchi hiyo. Ahadi hiyo haiifungi nchi jirani. Kwa maneno mafupi, mkaazi wa kudumu huvuka mpaka kwa uraia wake, na hurudi nyumbani kwake kwa ukaazi wake.

2. Yanayotukia dirishani

Zamani aliyevuka mpaka alipanga foleni mara mbili, kwanza upande anaotoka, kisha upande anaoingia. Siku hizi mipaka yetu mikubwa ina vituo vya huduma za pamoja, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, kwenye upande wa nchi anayoingia msafiri. Kituo cha Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda, kilizinduliwa mwaka 2016. Cha Mutukula, kwenye mpaka wa Uganda, mwaka 2017. Cha Namanga, Desemba 2018. Na cha Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia, mwaka 2019. Hata hivyo, kuunganishwa kwa majengo hakukuunganisha maswali. Kila nchi bado inauliza lake, na maswali yenyewe ni matatu.

Swali la kwanza ni: wewe ni raia wa nchi gani? Hati inayolijibu ni pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria iliyotolewa na nchi yake. Swali la pili ni: una haki gani ya kuingia unakokwenda? Jibu hutegemea jibu la kwanza. Swali la tatu, ambalo wengi hulisahau wakati wa kuondoka, ni: una haki gani ya kurudi unakotoka? Hapo ndipo hati ya ukaazi wa kudumu na kitambulisho cha mgeni aishiye nchini hupata kazi yake.

Tuchukue mifano. Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu wa Kenya anapokuja Dodoma, huingia Tanzania kwa kuwa ni Mtanzania. Anaporudi Nairobi, huonyesha pasipoti yake na hati yake ya ukaazi, na hapewi muda wa matembezi kama mgeni wa kawaida, kwa kuwa anarudi anakoishi. Mtanzania huyohuyo akitaka kwenda Kampala, Uganda itamtazama kama Mtanzania, yaani raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukaazi wake wa Kenya haumwongezei kitu wala haumpunguzii.

Sasa tumchukue raia wa India mwenye ukaazi wa kudumu wa Kenya. Huenda ameishi Mombasa miaka 40 na anasema Kiswahili kuliko sisi wa bara. Akifika Namanga kuingia Tanzania, atatazamwa kama raia wa India, na masharti ya viza yatakuwa yale ya raia wa India. Vivyo hivyo mwalimu kutoka Ulaya aliyefundisha Dodoma kwa kibali cha ukaazi, akitaka kwenda mkutanoni Nairobi, hupaswa kutimiza masharti ya Kenya kwa watu wa taifa lake. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza ya zamani, na badala yake wageni wengi hutakiwa kuomba idhini ya safari kwa njia ya intaneti kabla ya kuondoka kwao. Mtanzania aliyeketi naye kiti kimoja ndani ya basi haombi idhini hiyo.

3. Jumuiya ya Afrika Mashariki na mipaka ya ahadi yake

Msomaji anaweza kuuliza: Je, Jumuiya haikuyaondoa mambo haya? Mkataba wa kuianzisha upya Jumuiya ulitiwa saini Novemba 30, 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Itifaki hiyo inatoa uhuru wa watu kutembea, na kwa sababu yake raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine mwanachama bila viza na huweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi 6 bila malipo. Hili ni jambo la kushukuru.

Lakini tuisome Itifaki kwa makini kama tusomavyo andiko. Haki zake zimetolewa kwa raia wa nchi wanachama. Hazikutolewa kwa kila mtu aishiye katika nchi hizo. Tena kifungu cha 14, kinachohusu haki ya ukaazi, kinaeleza wazi kwamba mambo ya ukaazi wa kudumu yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa hiyo hakuna mkaazi wa kudumu wa Afrika Mashariki. Wapo wakaazi wa kudumu wa nchi hii au ile.

Aidha, nchi wanachama hazilingani katika hati zinazokubaliwa. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2014 raia wao waweze kuvuka baina yao kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Ndugu zetu walioishi Nairobi na kuona Wakenya wakienda Kampala kwa kitambulisho tu hudhani kuwa njia ya Namanga ni hiyohiyo, na hapo ndipo wanapokwama. Tena Tanzania ina majirani 8, na miongoni mwao Zambia, Malawi na Msumbiji hawamo katika Jumuiya hii. Huko taratibu hufuata mapatano mengine, na asiyeuliza mapema hujifunza kwa gharama.

Hapa pia pana jibu la swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: kwa nini mtu aliyeolewa na kuishi Kenya miaka 20 asichukue tu uraia wa huko? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania, kwa kawaida, haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo Mtanzania anayeomba uraia mwingine kwa hiari hujiweka katika hatari ya kuupoteza wa kwake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na wengi huchagua ukaazi wa kudumu kwa sababu hawataki kuiacha asili yao. Lakini anayechagua hivyo hana budi kuutunza uraia wenyewe, yaani kuihuisha pasipoti yake. Mama yule alikuwa ameushika uraia wa Tanzania kwa moyo, ila akauacha ukaisha muda wake sandukuni.

4. Historia inayotuonya

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890. Haukuchorwa na Wamaasai wanaoishi pande zake zote mbili. Baada ya uhuru watu waliendelea kuvuka na kufanya kazi huku na huko chini ya Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka 6 waliokuwa wakiishi upande wa pili wa mpaka walitambua kwamba nyumba, kazi na jirani mwema havimtoshi mtu pale serikali mbili zinapogombana. Tujifunze kwamba urahisi wa leo haukuwapo jana, na hakuna aliyetuahidi kwamba utakuwapo kesho.

Historia inatuonya pia juu ya watu walioishi bila uraia wowote. Wamakonde wa Kenya walifika huko tangu miaka ya 1930, wengi wao kutoka Msumbiji, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya, wasijue nchi nyingine, lakini hawakutambuliwa kuwa raia wa Kenya wala wa kwingineko. Mtu wa namna hiyo ni mkaazi kwa macho ya majirani zake, lakini mpakani hana jibu la swali la kwanza. Oktoba 2016 kundi la Wamakonde lilitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 walianza kupewa vitambulisho vya uraia.

Mfano wa tatu unatugusa sisi Walutheri moja kwa moja. Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbia mauaji katika nchi yao wakaingia Tanzania. Walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, yaliyopo sasa katika mkoa wa Katavi. Shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi lijulikanalo kama TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, lilishiriki kufungua mapori, kuchimba visima na kujenga shule katika makazi hayo. Watu hao walilima, wakalipa kodi, wakazika wazazi wao katika ardhi hiyo. Hata hivyo kisheria waliendelea kuwa wakimbizi kwa zaidi ya miaka 30, na kutoka nje ya makazi kulihitaji ruhusa. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, zilianza mpango wa kuwapa uchaguzi: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi walichagua kubaki. Maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa kufikia mwaka 2010, na vyeti vya uraia vilianza kugawiwa mwaka 2014. Masharti yalikuwa kuukana uraia wa Burundi. Leo mmoja wao akivuka kwenda Burundi kuona kaburi la babu yake, huvuka kama Mtanzania.

5. Maandiko yanayajua mambo haya

Wanafunzi wa Kiebrania wanajua kwamba Agano la Kale halina neno moja tu la kumtaja mgeni. "Nokri" ni mgeni wa mbali, aliye mtu wa taifa lingine na asiye na makazi katikati ya Israeli. "Ger" ni mgeni aliyekuja akakaa, akawa chini ya ulinzi wa jamii lakini bila urithi wa ardhi. Mara nyingine "ger" huambatana na "toshav", yaani mkaazi. Torati inaagiza kwamba huyu "ger" apendwe kama mzalia (Walawi 19:33-34, Kumbukumbu la Torati 10:18-19).

Tazama sasa Mwanzo 23. Sara amekufa, na Ibrahimu anasimama mbele ya Wahiti akijitambulisha kwa maneno hayo mawili, "ger" na "toshav". Tunapolisoma andiko hili tumezoea kuona unyenyekevu tu. Kwa kweli Ibrahimu anataja hadhi yake kwa usahihi: ameishi Kanaani miaka mingi, ana mifugo, watumishi na heshima, lakini hana mahali pa kumzika mkewe. Wenyeji wanampa maneno mazuri. Yeye anasisitiza kulipa fedha mbele ya mashahidi langoni, ili pango la Makpela liwe milki yake pasipo ubishi. Baba wa imani hakudhani kwamba imani inamwondolea haja ya kuyaweka mambo yake sawa kisheria.

Maandiko yanajua mpaka pia. Katika Hesabu 20:14-21 Musa anamwomba mfalme wa Edomu ruhusa ya kupita, anamkumbusha undugu wao, na anaahidi kutoigusa mali ya mtu. Ananyimwa, na Israeli inazunguka. Katika Waamuzi 12:5-6 kwenye vivuko vya Yordani mtu huulizwa atamke neno moja, na matamshi yake humwokoa au humwua. Naomi anarudi Bethlehemu baada ya miaka kama kumi ya ugenini huko Moabu, naye Ruthu Mmoabu anaingia pamoja naye. Mmoja kwa haki ya kuzaliwa, mwingine kwa hisani ya wenyeji na sheria ya mgeni shambani.

Agano Jipya liliandikwa katika ulimwengu wenye madaraja kama yetu. Katika Athene ya kale mkaazi asiye raia aliitwa "metoikos": alilipa kodi maalumu kila mwaka, alihitaji raia wa kumdhamini, na kwa kawaida hakuruhusiwa kumiliki ardhi. Miji mingine ya Kiyunani ilitumia neno "paroikos" kwa mtu wa hadhi inayofanana na hiyo. Neno hilo ndilo Petro anawaitia Wakristo (1 Petro 2:11), na kutokana na "paroikia" yametoka maneno ya lugha za Ulaya yanayotaja usharika, na hata neno "parokia" linalotumiwa na ndugu zetu Wakatoliki. Kumbe jina la kale la usharika ni mkusanyiko wa watu wanaoishi mahali bila kuwa raia wa hapo!

Naye Paulo, aliyekuwa raia wa Rumi kwa kuzaliwa, aliutumia uraia wake bila aibu mbele ya jemadari ambaye yeye aliununua kwa fedha nyingi (Matendo 22:25-29). Aliwaandikia Wafilipi, waliokaa katika mji uliokuwa koloni la Kirumi, juu ya uraia ulio mbinguni (Wafilipi 3:20). Na katika Waefeso 2:19 maneno mawili, "xenoi" na "paroikoi", wageni na wakaazi, yanawekwa upande mmoja, na upande wa pili yanawekwa maneno ya uraia wa pamoja na ya watu wa nyumbani mwa Mungu. Mwandishi anasema kwamba hata hadhi nzuri ya mkaazi haikutosha kwa kazi ya Kristo. Katika Kristo mtu hapewi kibali cha kukaa karibu na watu wa Mungu. Anafanywa raia na mtoto wa nyumbani. Tena uraia huo haumtaki aikane asili yake, wala hauishi muda wake sandukuni.

Lakini tusichanganye falme mbili. Fundisho letu la Kilutheri linatukumbusha kwamba Mungu hutawala pia kwa njia ya sheria na mamlaka za dunia, na ofisa aliye dirishani ana wito wake. Mchungaji anayemwambia mkristo kwamba raia wa mbinguni hahitaji pasipoti amemhubiria vibaya Injili na vibaya zaidi sheria.

6. Mashauri kwa mchungaji wa usharika

Kwanza, mtu akikujia na habari ya safari ya kuvuka mpaka, muulize yale maswali matatu kabla ya kuomba naye au mara baada ya kuomba: Hati yako ya uraia ni halali hadi lini? Nchi unayokwenda inataka nini kwa watu wa taifa lako? Hati yako ya kurudi unakoishi iko wapi, na kukaa nje ya nchi hiyo kwa muda mrefu kunaidhuru? Jambo lolote asilo na hakika nalo, aulize ofisi ya uhamiaji au ubalozi. Asiulize kwa wapiga debe wa mabasi.

Pili, kumbuka watoto. Mtoto hasafiri kwa hati ya ukaazi ya mama yake. Huhitaji hati yake mwenyewe, na anaposafiri na mzazi mmoja huweza kuulizwa ridhaa ya mzazi mwingine kwa maandishi. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa ng'ambo anaweza kuwa na uraia usiofanana na ule mama yake anaoudhani.

Tatu, angalia unachoandika. Barua ya mchungaji ina heshima katika nchi yetu, na kwa sababu hiyo ina hatari. Andika ulichokijua tu: kwamba fulani amebatizwa katika usharika huu tarehe fulani, kwamba mzazi wake amefariki na mazishi ni siku fulani. Usiandike kwamba fulani ni raia, kwa kuwa wewe si mtoaji wa uraia. Usimwite mzaliwa wa hapa mtu uliyemkuta tu hapa. Amri ya nane inatukataza ushuhuda wa uongo, hata ule unaotolewa kwa huruma. Mwambie pia mwenye barua kwamba haichukui nafasi ya hati ya kusafiria. Maneno hayo machache ndiyo niliyoyasahau usiku ule.

Nne, tunza vitabu vya usharika. Cheti cha ubatizo mara nyingi hutumiwa kuunga mkono ushahidi wa mahali na tarehe ya kuzaliwa, hasa kwa wazee wasio na cheti cha kuzaliwa. Jina lililoandikwa ovyo, au mwaka uliokisiwa, unaweza kumsumbua mtu miaka 50 baadaye mbele ya dirisha la ofisi ambayo hujapata kuiona. Mwandiko wako katika kitabu kile ni huduma ya uchungaji.

Tano, familia zenye watu wa ng'ambo zishauriwe mapema, wakati wa neema, zisingoje msiba. Katika ziara za nyumbani si aibu kuuliza: "Yule binti yenu aliye Nairobi, pasipoti yake inaisha lini?" Swali hilo dogo lingempa mama yule nafasi ya kumtupia baba yake udongo.

Hitimisho

Tulianza na swali la mama kaburini. Kwa upande wa sheria jibu lake ni wazi: yeye ni Mtanzania aliye mkaazi wa kudumu wa Kenya. Uraia wake ungempitisha mpakani, na ukaazi wake ungemrudisha kwa mumewe na watoto wake. Vyote viwili vilikuwa vyake. Kimoja kilikuwa kimelala, na sisi tuliopaswa kumwamsha hatukujua.

Kwa upande wa imani, jibu lake lilikuwa limeandikwa katika kitabu cha ubatizo cha usharika, katika mwandiko wa mchungaji aliyekwisha kulala. Siku ile, kwa kuwa sikuwa na neno lingine lililonifaa, nilimrudisha kanisani nikakifungua kitabu hicho mbele yake. Alilitazama jina lake, na jina la baba yake kando yake, kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nakala ya cheti, akasema akifika Nairobi ataanza kushughulikia pasipoti. Alifanya hivyo. Mwaka uliofuata, mama yake alipougua, alifika Nzuguni kwa basi la jioni, na alikuwapo kumwuguza.